Taya la Kaisari Mpya

Mlinzi wa pili alianguka bila hata kupiga kelele.

Ofelio alifuta jambia lake kwenye majani, akafungua mlango wa gari la farasi.

"Shuka, Kaninio."

Gavana alishuka, joho la zambarau likiburuta vumbi. Kidevu hana. Shingo ilianzia mdomoni.

Adhuhuri ile angeapishwa kuwa Kaisari na jeshi la mpakani ambalo halijawahi kumwona. Roma tayari ilikuwa na Kaisari wake; baada ya hapo, Warumi wangeanza kuchinjana wao kwa wao.

Amri kutoka Roma ilikuwa fupi: "Ghala lina fukusi. Safisha." Jasusi Ofelio, aliyejulikana kambini kama mnunuzi wa ngano, aliielewa mara moja: mdudu wa kuondolewa alikuwa Kaninio.

"Taja bei yako!" Kaninio alisihi.

"Unamkumbuka Sekundo?"

"Sekundo gani?"

Hata jina hakulikumbuka! Damu ilimchemka Ofelio. Sekundo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa fundi wa kuchonga mihuri ya kupigia sarafu. Kaninio alimwamuru amchore kwenye dinari za fedha akiwa na taya pana la Kaisari wa zamani, kipenzi cha askari, ili waamini kuwa ni mwanawe. Kazi ilipokwisha, akamnyonga asije akatoboa siri.

Asubuhi hiyo kila askari alikuwa amegawiwa dinari hizo.

"Vua joho. Na pete. Haya, kimbia!"

Kaninio hakuamini bahati yake. Alitimka na kanzu ya ndani hadi kwenye lango la kambi. Ofelio alimfuata kwa mwendo wa kawaida.

"Fungueni! Mimi ndiye Kaisari wenu!"

Askari wa zamu alitoa dinari, akamtazama, akaitazama.

"Wewe? Kaisari ana taya, bwana. La kwako umelila?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Ni mimi! Taya aliliongeza fundi!"

Kicheko kikakatika.

"Yaani unamtukana Kaisari wetu kuwa ni wa bandia? Mshenzi wewe!"

Panga zikatoka. Ofelio alitazama mpaka mwisho, wala hakuona haya kufurahi.

"Mzee wa ngano," askari alimwita, akiuburuta mwili mtaroni, "umetoka barabarani. Kaisari hujakutana naye?"

"Nimekutana naye."

"Atachelewa?"

"Kidogo," Ofelio alisema, akashika njia ya Roma. "Msubirini tu."