Waandishi: Daktari na Msusi

Jengo la vipuri vya umeme lilikuwa limefurika tangu asubuhi. Redio za maduka zilishindana kwa kelele, wauza chaja waliita wateja "mpenzi" na "roho yangu", na kila aliyepanda ngazi alikuwa na haraka ya kumpita aliye mbele yake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi mbele tu. Alikuwa ameegemeza shavuni inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, macho ameyafumba.

Mwanamke mmoja mwenye gauni la njano na raba nyeupe, mzingo wa waya wa shaba begani, alishindwa kupita.

"Ana homa?" akauliza.

Kijana akafumbua macho. "Nani?"

"Huyo uliyempakata. Mimi mwanangu nikimwekea shavu hivyo, ujue natafuta dawa."

"Homa kali, dada yangu. Imewashwa sasa hivi tu, na tayari inaunguza. Umeme wa betri unapotelea humu ndani. Mtu anadhani anaendesha feni, kumbe anapasha hewa moto."

"Basi wewe ni daktari."

"Na wewe na huo waya?"

"Mimi nasuka."

Kijana akaziangalia nywele zake, akauangalia waya, akaziangalia tena nywele. "Unasuka watu kwa shaba?"

Alicheka mpaka mzingo ukamteleza begani. "Nasuka transfoma, Daktari! Transfoma na mota!"

"Kama hamnunui," mwenye duka akawaambia, "nendeni mkapendane nje, mmeniziba mlango."

Wakatoka kweli. Walipofika kituoni kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake, na majina waliyopeana pale dukani hayakuwatoka tena.

Daktari alichora saketi katika kampuni ya sola. Kazi iliyomnyima raha ilikuwa nyingine: ukurasa mtandaoni, ulio wazi kwa kila mtu, ambamo alikuwa akiandika namna ya kujenga inveta ndogo isiyohitaji feni, isiyopoteza umeme kwa joto. Yeyote angeweza kusoma, kusahihisha, kuongeza. Michoro yake ilikuwa safi, lakini transfoma yake ilikuwa ikichemka.

"Umeisuka vibaya," Msusi alimwambia siku ya tatu, kwa simu, huku akimlisha bintiye uji.

"Hujaiona hata!"

"Nimesoma ulivyoandika. Umerundika waya wa ndani wote kwanza, wa nje wote juu yake. Gawanya. Nusu, halafu wa pili, halafu nusu iliyobaki. Zikikaribiana hivyo hazipotezi... Bosi, meza! Si wewe Daktari, namwambia mtoto."

"Nimemeza hata hivyo. Andika."

"Niandike wapi?"

"Kwenye ukurasa. Andika wewe, si mimi niandike ulichosema wewe."

Akaandika. Alikuwa amemaliza masomo ya jioni ya umeme mwaka uliopita, cheti kimelala kabatini, na kila asubuhi bado alikuwa akikaa kwenye benchi lilelile la karakana kusuka mota za watu. Alipofungua ukurasa kesho yake akakuta pale juu maneno haya: Waandishi: Daktari na Msusi. Akayasoma amesimama, akayasoma ameketi. Akamwonyesha mama yake.

"Ndiyo nini?" mama akauliza.

"Jina langu, Mama."

"Naliona. Na huyu wa kwanza ndiye anayekupigia kila jioni kuuliza joto la transista? Huyo ni mchumba au ni mteja?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Baba yako alikuwa akiniuliza habari za macho yangu."

Ikawa hivyo kwa miezi. Msusi akiongeza aya, Daktari akiipunguza. Daktari akichora, yeye akiuliza kwa nini. Waligombania neno moja mpaka simu zikaisha chaji. Jumapili walikutana bustanini, Bosi akikimbiza njiwa, nao wakibishana. Siku inveta yao ilipofikisha wati tisini na nne katika kila mia zilizotoka kwenye betri, Daktari alimpigia akiwa barabarani, akipiga kelele, na watu wakamgeukia.

"Nakupenda!" akamalizia.

"Mimi au inveta?"

"Usinichagulishe leo, nina furaha nyingi."

Kisha kiwanda cha pampu za maji kikatangaza nafasi ya msaidizi wa usanifu. Msusi akaomba, akaitwa. Alhamisi asubuhi akavaa sketi nyeusi na blauzi ya dada yake, akazima simu getini kama alivyoagizwa, akaingia akiwa na jambo moja tu la kuonyesha: ukurasa.

Saa hiyohiyo, upande wa pili wa mji, Daktari alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Kinyozi mmoja alikuwa amejenga inveta kwa kufuata ukurasa wao. Jana yake, mteja akiwa kitini, transfoma ilipasuka, moshi ukajaa, na mteja akakimbia na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Kinyozi aliandika: "Video naiweka leo saa sita, na majina yote yaliyo juu ya ukurasa wenu. Mji mzima uwajue."

Daktari alimpigia Msusi. Imezimwa. Akapiga tena. Akazunguka chumba, akaketi, akainuka. Sehemu ya kusuka aliiandika Msusi, kila mtu angeliona hilo. Na leo ndiyo siku yake. Akafungua ukurasa, akalifuta jina la Msusi pale juu. Chini kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya badiliko. Hakuandika neno. Nitamweleza akitoka, akajiambia.

Ofisini kwa wasaili, mama mhandisi mwenye miwani alifungua ukurasa kwenye kompyuta yake.

"Ni huu?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa naona Daktari peke yake."

Msusi aliinama kutazama. Mzee wa pembeni akasogeza mshale, akafungua orodha ya mabadiliko. "Mwandishi Msusi ameondolewa. Aliyemwondoa: Daktari. Leo asubuhi." Akacheka kidogo. "Mmekosana, binti?"

Mama mhandisi akafunga kompyuta. "Njoo Jumatatu. Uje na kitu ambacho jina lako limo."

Alipiga simu akiwa bado getini, kabla hata ya kuvuka barabara.

"Umenifuta."

"Msusi, mpenzi, nisikilize..."

"Umenifuta, hukunifuta?"

"Nimekufuta, lakini..."

"Asante. Nilitaka nisikie kwa mdomo wako. Mbele ya watu, Daktari! Wamefungua, sipo. Nimekaa pale kama mwongo."

"Kuna kinyozi..."

"Nenda kanyolewe!" Akakata.

Simu iliita, akaikata. Ikaita, akaikata. Akaenda karakanani moja kwa moja na sketi yake nyeusi, akakaa kwenye benchi, akashika mota, akaiweka chini. Hakuna kilichokaa mkononi.

Saa sita ikapita kidogo. Fundi mwenzake, yule waliyemwita Mjomba kwa kitambi chake, akaja akifuta machozi ya kicheko. "Msusi, ona hiki! Ona jamaa anavyokimbia na nusu kichwa!"

Akaona, na pamoja na hasira zake zote akacheka. Mteja alikuwa akiruka kizingiti na shuka la kinyozi shingoni. Kisha kinyozi akasogeza kamera kwenye transfoma iliyoungua, na Msusi akaivuta simu karibu. Shaba juu ya shaba. Hakuna tepu ya kuzuia umeme kati ya tabaka na tabaka.

Mkono wake huweka tepu bila kuombwa. Hajawahi kusuka bila tepu, hajui hata mtu anasukaje bila tepu. Na kwa hiyo hakuwahi kuiandika. Daktari alisoma aya zile mara nyingi, naye hakuona. Kinyozi wa watu alifuata walichoandika, neno kwa neno.

Akafungua maoni chini ya video. Matusi, marundo kwa marundo, yote kwa Daktari, jina pekee lililobaki juu ya ukurasa. Na chini ya kila tusi Daktari alikuwa amejibu: "Kosa ni langu peke yangu."

"Lake peke yake!" Msusi akasema kwa sauti. "Hajawahi kusuka hata moja!"

Hapo akaelewa kwa nini jina lake lilifutwa asubuhi ile. Machozi yakamjia, na hasira nyingine, mpya, ikaja nayo. Akapiga.

"Uko wapi?"

"Nje ya karakana yako."

Alitoka. Daktari alikuwa akienda na kurudi kando ya mtaro, shati limelowa jasho, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Ulitaka kunikinga," Msusi akasema.

"Ndiyo. Usaili..."

"Nani alikwambia nataka kukingwa? Mwanangu ndiye namkinga. Mimi nilitaka kuulizwa."

"Simu ilizimwa."

"Ungengoja. Nilisuka mimi, nikasahau mimi. Siku ya wati tisini na nne nilikuwa mwandishi, siku ya moshi nimekuwa mtoto?"

Daktari alitazama chini. "Niliogopa," akasema. "Niliwaza wakikutukana na wewe, hutaandika tena. Halafu hutapokea simu yangu tena."

"Ya pili umeipata bila wao."

Msusi akafungua ukurasa palepale. Akaandika hatua iliyokosekana, tepu baina ya kila tabaka, na namna ya kuifunga. Akalirudisha jina lake pale juu. Kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Sehemu ya kusuka niliandika mimi. Nilisahau tepu. Naomba radhi." Akatuma.

Haikuchukua muda. "Msusi! Kumbe ni mwanamke!" "Arudi jikoni." "Wauaji wawili hawa." Daktari alinyoosha mkono auzibe uso wa simu, kisha akaurudisha.

"Mama mhandisi naye atayaona haya," Msusi akasema. "Jumatatu."

"Naweza..."

"Usiweze chochote. Kinyozi anakaa wapi?"

Kinyozi aliwapokea na wembe mkononi, naye hakuwa akinyoa mtu. Banda lilinuka moshi, kioo kimefifia, na watu wawili wanaosubiri wakakaa vizuri wapate kuona.

"Nani kati yenu ameniunguzia kazi?"

"Sisi," Msusi akasema. Aliweka mzingo wa shaba na tepu mezani. "Nimekuja kuisuka upya mbele yako, kaka. Uone kila mzunguko. Ukitaka utupige video."

"Nitapiga!" kinyozi akasema, na kweli akaitoa simu.

Msusi akakunja mikono ya blauzi ya dada yake, akaketi kwenye kigoda. Daktari akapiga goti mbele yake, akashika waya ukae umenyooka. Mzunguko kwa mzunguko. Tepu. Mzunguko tena. Kinyozi alianza na hasira, akaendelea na maswali, mwisho akasahau simu na kusogea karibu.

"Kwani ninyi ni nani na nani?" akauliza. "Mume na mke?"

"Bado," Msusi akasema.

Waya ukalegea.

"Umesema bado?" Daktari akauliza.

"Shika waya."

"Umesema bado. Hukusema hapana."

"Daktari, ukilegeza naanza upya, na sitaki kuanza upya."

"Mjibu, shemeji," kinyozi akaingilia. "Mimi leo nimepata hasara, angalau nipate harusi."

Waliosubiri wakacheka. Daktari hakucheka. Alivuta waya ukakaza, akauliza taratibu, "Nikija kwa mama, mlango utafunguliwa?"

Msusi akakata tepu kwa meno, akaifunga, akaibana kwa kidole gumba. Kiwanda kilikuwa bado mbele yake, na matusi yalikuwa yakiongezeka mfukoni mwake, simu ikitetemeka kila mara. Hakuitazama.

"Jumatatu nakwenda kule na ukurasa kama ulivyo," akasema. "Wakinitaka wanitake hivyo. Wewe njoo Jumapili. Na utamweleza Mama mwenyewe kwamba ulinifuta."

"Nitamweleza."

"Atakufokea."

"Anifokee."

"Na Daktari." Aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Usije peke yako. Njoo na wazee wako."

Kinyozi alipiga makofi. Daktari alibaki amepiga goti, waya mkononi, hathubutu kuuachia.