Mkaguzi wa Macho ya Chura

Gulio la vipuri vikuukuu nje ya mji wa Coventry, Uingereza, lilikuwa limefurika watu Jumapili ile, na wote walitembea wameinama kama waliodondosha sindano. Hester Quayle aliinama kuliko wote. Alivaa koti la mvua la manjano juu ya ovaroli, nywele zake nyekundu amezifunga kwa kamba ya kiatu, na alipoziona kabureta mbili pacha juu ya turubai, hakuuliza bei. Alizidaka. Kumbe upande wa pili palikuwa na mkono mwingine.

"Samahani, dada, nimeziona kwanza."

"Kuona si kushika, kaka."

"Na mimi nimeshika."

"Umeshika nusu. Nusu ya kabureta haiwashi gari."

Yule mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, na mikono yake ilikuwa safi mno kwa mahali pale. "Gari gani hilo linalokugombanisha na watu?"

"Sprite ya mwaka hamsini na tisa. Macho ya Chura."

Akaziachia palepale. Kila apendaye magari madogo ya Kiingereza alilijua gari lile, na taa zake mbili zilizotumbuka juu ya boneti. "Chukua. Kumnyima chura pumzi ni dhambi."

Ndivyo alivyoanza na Emrys Pugh, Mwelisi, mtu wa Wales, aliyeishi mjini kwa kazi ya kukagua lifti. Wikiendi alijitolea kukagua magari ya kale kabla ya mashindano. Bila kibandiko chake hakuna gari lililoingia uwanjani. Hester, mfamasia, alimtania tangu chai ya kwanza.

"Yaani wewe Jumatatu hadi Jumapili unatafuta kasoro tu. Mimi umenihesabia ngapi?"

"Nimeona moja. Unanywa chai baridi."

"Hiyo si kasoro, ni umaskini wa muda."

Majira yote ya baridi mapenzi yao yalinuka oili. Hester alilivua gari hadi likabaki mifupa, akaliunda upya kwa ajili ya mashindano: injini ikasukwa, nguzo ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka ikasimamishwa nyuma ya kiti, mikanda mipya ikafungwa. Emrys alikaa juu ya debe akila pai, akimsomea magazeti, lakini chuma hakugusa. "Nikigusa leo, kesho nitalikaguaje? Watasema napendelea."

"Basi nishikie tochi, bwana mwadilifu."

"Tochi nayo ni msaada."

"Emrys! Nitakufungia kwenye buti!"

Masika yakafika, na nuksi nayo ikafika. Shindano la kwanza, giaboksi iligoma angali kwenye foleni. La pili, rejeta ilichemka kama birika. La tatu, mvua ilifurika uwanjani na watu wote wakarudishwa nyumbani. Hester alilala chini ya gari lile usiku kwa usiku, wikiendi kwa wikiendi, lakini mstari wa kuanzia hakuwahi kuuvuka. Alianza kuliongelesha. "We mnyama, mimi nimekukosea nini?"

Likabaki shindano la mwisho la msimu, mwezi Oktoba. Asubuhi hiyo gari liling'aa kijani, Hester amevaa suti yake nyeupe ya kuzuia moto, na injini ilinguruma bila kukohoa. Alipolisukuma hadi kwenye banda la ukaguzi, akamkuta Emrys na kofia yake ileile. Walisalimiana kama watu baki, maana ndivyo walivyokubaliana.

Emrys alipapasa mikanda, akakanyaga breki, akatikisa gurudumu la mbele kushoto. Akalitikisa tena. Akaomba livuliwe, akapiga magoti na tochi, akakaa pale muda mrefu hadi waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Chuma kinachoshika gurudumu kina ufa," alisema. "Halipiti."

"Ufa gani? Sioni kitu."

"Mwembamba kama unywele. Upo."

"Emrys, nitazame. Huo ni mkwaruzo."

"Halipiti, Hester."

Alilisukuma gari kurudi kwenye trela, macho yakimwasha. Hapo ndipo rafiki yake Nuala, aliyekuja kumsaidia kubeba spana, alipoona afadhali aseme. "Asubuhi nilimsikia Emrys anazungumza na mkuu wa wakaguzi. Alisema, 'Leo ningeomba gari la Hester lisi...' upepo ukala maneno. Lakini lisi nini tena, kama si lisishindane?"

Hester alizitupa spana ndani ya trela. Alikumbuka jinsi Emrys alivyonyamaza kila yeye alipomsimulia ajali za viwanjani. Basi ni hivyo! Mtu anakubusu jikoni, kisha anakuwekea mguu mlangoni mbele za watu.

Simu ililia jioni, ikalia kesho yake. Siku ya tatu akapokea.

"Kipenzi, tuzungumze."

"Zungumza na lifti zako. Hizo ukiziambia zisimame, zinasimama."

"Hester, nisikilize..."

"Mwaka mzima, Emrys! Mwaka mzima nimekula vumbi, halafu wewe unanizuia kwa unywele!" Akakata.

Wiki zikapita. Mwishowe alikivua kile chuma, nia yake kumtumia Emrys picha ya chuma kizima aaibike. Alikibana kwenye jiliwa, akakigonga kwa nyundo, wala hakukigonga kwa nguvu. Kikakatika vipande viwili kama biskuti.

Hester aliketi sakafuni, kipande kimoja mkononi. Kwenye kona ya kwanza gurudumu lile lingemtoka. Alipaswa kushukuru, naye alitaka kupiga kelele. Unamkasirikiaje mtu aliyekuokoa? Na mbona bado amekasirika?

Kesho yake mchana alimkuta kwenye ghorofa ya pili ya jengo la maduka katikati ya mji, lifti imefungwa kwa utepe, Emrys ndani yake na bisibisi. Wanunuzi wenye mifuko walikuwa wakinung'unika kuelekea ngazini.

"Haitumiki, mama," Emrys alisema bila kugeuka.

"Mama yako nani?"

Bisibisi ikamwanguka.

Hester akamwonyesha vile vipande. "Ulikuwa sahihi. Na bado nina hasira, usijidanganye. Ulimwambia nini mkuu wako asubuhi ile?"

"Nilimwomba gari lako lisiletwe kwangu. Akasema mwenzangu anaumwa, hakuna mwingine."

"Lisiletwe kwako." Hester alifumba macho. "Nuala na masikio yake! Basi hukufanya kosa lolote."

"Nimefanya." Emrys alivua kofia. "Nilipouona ule ufa, nilifurahi. Kabla ya kukusikitikia, nilifurahi. Nikasema moyoni, leo haendi. Wewe unaumia mbele yangu, mimi nimepona. Hilo ndilo lililokuwa linanipigisha simu."

Kikongwe mmoja aliinua utepe, akawatazama, akaurudisha taratibu na kushika njia ya ngazi.

Hester alivitia vile vipande mfukoni. Sasa alijua hasira yake ilitoka wapi. Alikuwa ameiona ile furaha usoni mwa Emrys siku ile, ila hakujua iitwe nini. "Hutalikagua gari langu tena," alisema. "Milele. Utasimama kwenye uzio na kuogopa, kama mume wa mwanamke yeyote anayeshindana."

"Kama mume?"

"Una matatizo ya kusikia kama Nuala?"

"Nasikia vizuri. Nataka urudie tu."

"Sirudii. Sema ndiyo, ufungue hii lifti, watu wanapanda ngazi na viazi."

Alisema ndiyo, lakini lifti iligoma, wakashuka kwa miguu.

Aprili iliyofuata, mkaguzi mwanamke wa makamo alilipapasa gari, akabandika kibandiko, akasema, "Nenda zako." Na Hester akaenda. Mzunguko wa kwanza alipitwa na watano. Wa pili, gia ya tatu ilianza kuruka, akaishikilia kwa mkono mmoja huku akiitukana. Magari yalimpita kulia na kushoto, harufu ya mpira unaoungua imejaa kofia yake ya chuma. Alibaki wa pili kutoka mwisho, na yule wa mwisho alikuwa anamfukuzia kwa karibu.

Akitokeza kwenye kona ya mwisho alimwona Emrys uzioni, koti wazi, mikono anaipunga kama kichaa. Hester akawaza: Ananisimamisha. Hata leo ananisimamisha. Mguu ukaanza kulegea kwenye pedali ya mafuta.

Kisha akamfikia, akamwona midomo. Uso wa Emrys ulikuwa mweupe kwa hofu, mishipa ya shingo imemsimama, naye alikuwa akipiga ukelele uleule tena na tena: "Kanyaga! Kanyaga, mke wangu, kanyaga!"

Hester akakanyaga.