Kiu ya Mpera

Mpera ulianza kunyauka mvua zikiwa zimepamba moto, wakati hata vijiti vya uzio vilikuwa vinachipua.

Mwenye mpera alikuwa muuza miche, mtu wa kuitwa kwenye bustani za watu aeleze kwa nini mti fulani umegoma kuzaa. Mtaani walimwita Daktari, na jirani hakuiachia nafasi hiyo.

"Daktari! Mgonjwa wako wa nyumbani anakata roho!" alicheka juu ya ukuta. "Au kweli mganga hajigangi?"

Daktari alipiga magoti, akafukua shinani. Harufu ikamkumba, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni. Alipouvuta mzizi mmoja, ganda lilimchomokea mkononi kama soksi, ukabaki uzi mweusi. Mizizi ilikuwa imeoza kwa maji. Lakini mvua gani hii, ya kuzamisha mti mmoja na kuisaza mingine yote?

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Wewe ndiye unayeumwagilia?"

"Anasema ana kiu."

"Nani?"

Mke alimtazama kwa huruma. "Mwanao."

Binti yao alikuwa amefariki mwaka uliopita, akisubiri upasuaji. Hospitali ilikataza asipewe maji, nao, wazazi waungwana, wakatii. Mtoto aliomba hadi koo likamkauka.

Jioni ile Daktari aliketi na mkewe chini ya mpera. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha harufu ya dawa za wodini ikapanda kutoka ardhini, majani yakaacha kutikisika ingawa upepo ulivuma na nguo zilipigapiga kambani, na kutoka mizizini, mahali ambapo pumzi haina njia, ikaja sauti nyembamba ya koo kavu, sauti aliyoijua tangu ilipokuwa kilio cha kwanza, ikisema, "Mama, kidogo tu. Mama. Mama."

Yeye, baba, haikumwita hata mara moja.

Kesho yake Daktari alimwita shangazi yake. Bibi huyo, aliyepunga majini kama wengine wanavyofua nguo, bila mbwembwe, alitega sikio shinani, akainuka akijipangusa magoti.

"Huyu si mtoto wenu."

"Shangazi, sauti ni yake," mke alinong'ona.

"Sauti huazimwa, mama. Mtoto hunywa akashiba. Huyu kamaliza mti mzima na bado analia kiu. Kesho atakunywa wewe." Akamgeukia Daktari. "Ng'oa. Choma kila mzizi. Panda mti mwingine, na asitokee wa kumsemesha. Jini akisemeshwa, amekaribishwa."

Wakang'oa. Shangazi akasoma, mizizi mibichi ikawaka kama iliyomwagiwa mafuta, mke akapiga yowe, "Mnamnyima tena!" Kisha pakawa kimya.

Mke akaanza kulala. Akaanza kula. Siku moja hata alimjibu jirani dhihaka zake, jirani akateremka ukutani.

Mchungwa mchanga waliopanda mahali pa mpera ukashika vizuri. Jioni moja Daktari alisimama mbele yake na ndoo, akijua fika kwamba mche kama ule unataka kata moja tu. Ndani, mkewe aliimba huku akiosha vyombo. Bustani ilikuwa kimya, kimya kilekile alichokitafuta kwa moto na jembe, na sasa kilikuwa kimemlemea kifuani.

Akainama.

"Mwanangu," alinong'ona, "una kiu?"

Udongo ukashusha pumzi.

"Sana, Baba."

Akaimimina ndoo yote, akaenda kujaza nyingine.