Ndege wa Ua wa Minyaa

"Panga hilo likigusa hata tawi moja, mimi na wewe tutaonana wabaya," Bibi Asnath alikuwa anasema, amesimama mbele ya ua wa minyaa, mikono kaitandaza kama anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Tuonane mara ngapi?" alijibu Bibi Mwanamkuu kutoka upande wa pili. "Miaka thelathini naiona sura hiyo kila asubuhi kabla sijanywa chai. Jilala, kata."

Fundi Jilala hakukata. Alisimama na panga lake limeinama, kama mtu aliyealikwa harusini akafika akakuta msiba.

Pale mtaani Isevya, maneno ya bibi hawa wawili yalikuwa kama redio ya jamii. Bibi Asnath ni Mnyamwezi. Bibi Mwanamkuu ni Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi. Huyu humwita mwenzake mpagazi, yule humwita mwenzake mcheza ngoma asiyejua jembe linashikwa upande gani, kisha wanaazimana chumvi. Kwa hiyo asubuhi hiyo ya Jumamosi majirani walikuwa wameshasogea na vikombe vyao vya chai, wanangoja kicheko.

Elieth, mjukuu wa Bibi Asnath, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa mlangoni pa jiko. Naye alikingoja kicheko. Hakikuja.

"Mjukuu wangu Shamte ana miaka mitatu," alisema Bibi Mwanamkuu, na sasa sauti yake ilikuwa chini. "Juzi utomvu wa minyaa hii umemdondokea mkononi, ngozi ikavimba. Siku utakapomwingia machoni nitamwambia nini mama yake? Matofali yamefika, fundi huyu hapa. Nataka ukuta."

"Ngoja basi mpaka Jumatano. Mtaalamu wa ndege anakuja. Mwalimu wake Elieth amesema ndege wa namna hii hajapata kusikika hapa Tabora. Ua ukikatwa leo, ataruka aende zake. Elieth, lete simu."

Elieth alileta simu ya mjomba wake. Kwenye kioo alionekana ndege mwenye kifua chekundu kama pilipili iliyoiva na mgongo wa bluu unaong'aa. Simu ikapita mikono yote. Mwamvita, muuza maandazi, akasema ndege kama huyo huleta bahati, na mwingine akaapa kwamba alishamwona mwezi uliopita, tena wawili.

Bibi Mwanamkuu aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mimi nafua nguo kando ya ua huu kila siku. Sijamwona."

"Utamwonaje? Masikio yako yote yako kwenye ngoma."

Huo ulikuwa utani, umerushwa ili udakwe. Bibi Mwanamkuu hakuudaka.

"Wewe una ndege," alisema. "Mimi nina mtoto." Akamwambia Jilala arudi Alhamisi, akaingia ndani na kufunga mlango. Majirani wakatawanyika na vikombe vyao kama watu wanaotoka makaburini.

Elieth ndiye aliyekuwa anajua kwamba ndege yule hayupo.

Mambo yalianza kidogo tu. Mwalimu Modest, mlezi wa klabu ya mazingira, aliwapa wanachama wiki mbili wapige picha za ndege na vipepeo kumi wa nyumbani kwao na kuwatambua. "Ndege andikeni jina," alisema. "Vipepeo wengi hatuna majina yao, basi andikeni rangi, ukubwa na mmea wanaoupenda." Elieth aliifanya kazi ile kwa moyo. Alimpata chozi akinyonya maua ya mgomba, mnana akisuka kiota, tetere, shomoro, kunguru. Alimpata kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano aliyetaga mayai kwenye mlimau, na wengine watatu. Hao ni tisa.

Wa kumi alikuwa kuzumburu, ndege wa rangi ya vumbi mwenye mkia mrefu, aliyekuwa akijipenyeza ndani ya minyaa kama panya. Siku tatu Elieth alimvizia. Alichopata ni picha moja yenye ukungu: nusu ya mkia na majani mengi. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, akiwa anatafuta mtandaoni jina la ndege huyo, akakutana na yule wa kifua chekundu. Hakujua hata ni wa nchi gani. Alimhifadhi kwenye simu, akaandika chini yake: "Amepigwa picha kwenye ua kati yetu na Bibi Mwanamkuu." Ni picha moja tu, alijiambia, nani atauliza?

Aliuliza Mwalimu Modest. Alimtafuta ndege yule kwenye kitabu chake chote, hakumwona, na badala ya kushuku akafurahi. Akampigia mtaalamu. Mtaalamu akasema ua usiguswe. Habari ikafika mtaani kabla Elieth hajafika nyumbani.

Jumapili Bibi Asnath alichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaweka karanga pembeni, akamtuma Elieth apeleke kwa jirani kama kawaida yao. Bibi Mwanamkuu aliitikia shikamoo, akatazama sahani, akaifunika tena. "Mwambie bibi yako leo tumeshiba."

Elieth alirudi na sahani imejaa. Bibi Asnath aliipokea. Aliketi kwenye kigoda, akala tobolwa moja taratibu, akashindwa la pili. "Miaka thelathini," alisema, akiongea na ukuta. "Hata mwaka ule nilipomzika babu yako, yule ndiye aliyenichekesha."

Elieth alifungua mdomo. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi, yakarudi.

Jumatatu aliamka na azimio la kumwambia mwalimu. Lakini paredi ya asubuhi Mwalimu Modest alimwita mbele, akamshika bega, na shule nzima ikampigia makofi. Baada ya vipindi alimfuata ofisini.

"Mwalimu, shikamoo. Ile picha..."

"Marahaba, marahaba. Nimeshaipeleka ikasafishwe kubwa. Umefanya kazi, mwanangu. Ulitaka kusema nini?"

Mezani kulikuwa na walimu wengine watatu, wote wanamtazama na kutabasamu. "Nilitaka kujua itakuwa tayari lini," alisema Elieth, akatoka akiwa anajichukia.

Jumanne alasiri alikuwa anaanika sare zake wakati kilio kilipotoka ng'ambo ya ua. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Elieth alizunguka mbio. Shamte alikuwa ameketi chini, kijiti cha mnyaa kilichovunjika kiko miguuni pake, utomvu wake mweupe umemtapakaa shavuni, na ngumi zake mbili zinasugua jicho la kulia.

Bibi Mwanamkuu alitoka jikoni na unga mikononi. "Mshike mikono asisugue. Leta maji safi, yale ya kunywa, leta ndoo nzima."

Wakamlaza mtoto kichwa upande. Bibi alifungua jicho kwa vidole, Elieth akamimina maji kwa kikombe, polepole, kikombe baada ya kikombe. Shamte alipiga kelele na kurusha miguu. Jicho lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Elieth alimimina mpaka mkono ukafa ganzi, na kila kikombe kilipokwisha alidhani kilio kitapungua, hakikupungua. Hapakuwa na kingine cha kufanya. Angeweza kumimina bomba zima la mtaa, na bado asiifute ile Jumamosi aliyokaa kimya.

Bodaboda ikaja, ikamchukua bibi na mtoto. Elieth akabaki uani amekishika kikombe.

Bibi Asnath aliporudi kutoka sokoni alimkuta amesimama palepale. "Kuna nini?"

"Bibi, ndege hayupo." Safari hii maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Nilimtoa mtandaoni. Sikumpiga picha mimi. Hajawahi kuwepo. Na Shamte ameingiwa na minyaa jichoni, wamempeleka hospitali."

Bibi Asnath aliweka kapu chini. Elieth alisubiri kofi, akatamani lije. Bibi yake alimtazama tu, kama anayemtafuta mtu aliyemfahamu zamani. Kisha akajifunga khanga vizuri. "Twende. Hayo uliyoniambia mimi utayasema mbele yake. Sitakusaidia neno."

Hospitali walimkuta Bibi Mwanamkuu kwenye benchi la nje, Shamte amelala mapajani, jicho limefunikwa bandeji. Muuguzi alisema jicho limechubuka ila halijaharibika, na kwamba maji mengi yale ya mwanzo ndiyo yaliyoliokoa. Warudi baada ya siku tatu, ndipo itajulikana kama anaona sawasawa.

Elieth alipiga magoti, akasema yote, kuanzia kuzumburu. Alipomaliza, Bibi Mwanamkuu hakumjibu. Hakumtukana, hakumfukuza. Aliendelea kumpepea mtoto kwa ncha ya khanga, macho yakiwa getini. Bibi Asnath aliketi kwenye ncha ya pili ya benchi, na hivyo ndivyo walivyokaa wote mpaka jua likazama.

Jumatano, kabla ya masomo, Elieth alimweleza Mwalimu Modest mbele ya walimu walewale. Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Mtaalamu amejiandaa kwa safari. Nitakupa simu, utamwambia wewe." Akampigia, na Elieth akamwambia. Mtaalamu akasema, "Asante kwa kusema," akakata.

"Ile ya kuzumburu unayo bado?" aliuliza mwalimu.

"Ninayo, Mwalimu, lakini haionekani vizuri. Ni mkia tu."

"Ungeniletea mkia huo, ningeubandika ubaoni. Picha mbaya ya ndege aliyepo inatufundisha kitu. Picha nzuri ya ndege asiyekuwepo imempeleka mtoto hospitali. Klabuni utakaa pembeni muhula huu. Mkia niletee kesho."

Mchana ule Bibi Asnath alivaa koti la mvua na miwani ya fundi, akaukata ua yeye mwenyewe pamoja na Jilala, shina kwa shina, wakauzika uchafu wake mbali na watoto. Nyumba mbili zikabaki zinatazamana wazi, hakuna kitu katikati isipokuwa rundo la matofali. Alhamisi baada ya shule Elieth alibeba matofali hayo mpaka giza likaingia. Hakuna aliyemwambia abebe, na hakuna aliyemwambia aache.

Ijumaa walirudi kutoka hospitali kukagua jicho. Elieth alikuwa kwenye matofali alipomwona Shamte anashuka kwenye bodaboda bila bandeji. Mtoto alimkimbilia kuku, akamkosa, akamkimbilia tena. Anaona. Elieth aliketi chini ghafla.

Bibi Mwanamkuu alikuja akasimama mbele yake.

"Sikukujibu siku ile," alisema, "kwa sababu ningekujibu vibaya. Sasa nisikilize. Bibi yako na mimi tumeitana kila jina baya, na hakuna lililoumiza, kwa sababu wote tulijua si kweli. Wewe ulileta uongo tukaudhania kweli. Huo hauchezewi, mwanangu. Ukiuachia siku moja unaumiza kidogo, ukiuachia wiki unatafuta jicho la mtoto. Siku nyingine ukikosa kitu, sema nimekosa. Aibu ya kukosa inaisha siku hiyohiyo."

"Nimekosa, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Bado nina hasira, lakini hiyo itapoa yenyewe." Akageukia upande wa pili, alikokuwa amesimama Bibi Asnath, mkono kiunoni, hajui asogee au arudi. Bibi Mwanamkuu akavuta pumzi.

"Na wewe mpagazi, unangoja msafara gani hapo? Nimepika wali na uyoga, unapoa. Mlete mjukuu wako, anawe mikono. Ingieni ndani tule."