Rangi Mbili Nilizomgawia Jirani

Nina miaka ishirini na mbili, naishi Heru Juu, Kasulu. Shule niliishia darasa la saba, lakini kuota sikuacha! Ndoto yangu ilikuwa duka la nguo: mdogo wangu Dativa ashone, mimi niuze. Alishapata nafasi ya kusomea ushonaji Kibondo. Tulicheka mpaka mama anatufukuza jikoni...

Mwezi mmoja kabla hajaondoka, tukipalilia maharage, Dativa alijikata kifundo cha mguu kwa jembe. Zahanati wakampa vidonge vya rangi mbili, ameze siku saba. Siku ya tatu kidonda kikakauka. Kwetu dawa iliyobaki haitupwi, na jirani akiugua unamgawia. Nami nina huruma mno! Mama Zawadi alipolalamika tumbo, nikampa vyote vilivyobaki.

"Dada, hospitali yako unafungua lini?" Dativa akanitania. Tukacheka.

Kidonda kikarudi na usaha. Nikanunua vidonge vitatu tu dukani, viwili akameza, kimoja nikakipasua nikamwagia unga wake kidondani, kama tulivyozoea. Kikapoa... kikarudi. Nikanunua tena vitatu. Mguu ukavimba hadi gotini, ukanuka! Ndipo tukampakia bodaboda kwenda hospitali mjini.

Wakapima usaha. Daktari akaniuliza, "Binti, nani alikuwa anamtibu?"

"Mimi," nikajibu kwa fahari. Fahari, jamani!

Akanieleza kwamba vijidudu vikizaana, vingine hutokea na badiliko dogo kwenye vinasaba, dawa isiviweze. Dozi zangu za nusunusu ziliua vile vinyonge tu. Vigumu vikabaki peke yao, vikazaa vigumu wenzao, hata vikapeana huo ugumu. Walijaribu dawa baada ya dawa... wapi!

Mguu wakaukata. Dativa alipozinduka akapapasa shuka, akapapasa tena... Mama hakulia. Alinitazama mimi tu.

Nafasi ya Kibondo kapewa mwingine. Nikimpelekea uji, Dativa anageukia ukutani. Juzi nilitaka kumwinua, akanisukuma: "Niache, dada. Huruma yako nimeshaionja."

Nikatoka nje, nikaanza kuandika haya.

Wasomaji wenzangu, nawapigia magoti! Dawa uliyoandikiwa imalize yote, hata ukijiona mzima. Ya kununua kwa kubahatisha iache dukani. Na jirani akija kuomba vidonge, mwelekeze zahanati. Atakuita mchoyo... Muache akuite!