Samaki wa Jepkorir

Saa kumi na mbili kasoro jioni, Wangechi alirudi kazini kuchukua daftari alilojifanya amelisahau.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake. Lakini askari wa getini angeuliza, na mtu hawezi kumwambia askari kwamba amerudi kumchungulia mwenzake. "Nimeacha daftari huko chini," alisema. Askari akamfungulia bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Mtambo ule wa umeme uko upande wa Kabuchai, katikati ya mashamba ya miwa. Unachoma makapi ya miwa usiku na mchana, na mashine zake zisipopozwa kwa maji zinaharibika. Kwa hiyo walichimba bwawa kando ya mto, wakaweka pampu, na mbele ya pampu wakaweka wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Wavu huo huzuia majani. Huzuia pia samaki. Kazi ya Wangechi, mwaka wa nne sasa, ilikuwa kuvuta juu kikapu cha waya kilichoshikana na ule wavu, jioni na alfajiri, ahesabu samaki walionaswa, mumi na ningu, awapime, aandike wangapi wamekufa na wangapi wazima, kisha awarudishe wazima mtoni. Aliifanya vizuri. Lakini ni nani humsifu mtu kwa kuhesabu samaki waliokufa?

Halafu akaja Jepkorir.

Alikuwa msichana wa Kapsokwony, mwembamba, mpole, aliyenong'ona hata akisalimia. Waligawana zamu. Na tangu wiki ya kwanza, samaki wa zamu ya Jepkorir walitoka wazima. Si baadhi yao. Wote. Bwawa lilikuwa lilelile, pampu ileile. Wangechi akivuta kikapu anakuta macho meupe na matumbo yaliyofura. Jepkorir akivuta, samaki wanarukaruka mpaka wanamlowesha gambuti.

"Wangechi, hebu muulize mwenzako anafanyaje," mkubwa wao, Bwana Ngari, alimwambia mbele ya watu.

Neno lile lilimkwama kifuani. Muulize mwenzako. Miaka minne, na sasa aulize. Wiki mbili baadaye akasikia kwamba nafasi ya usimamizi kule ofisi ya Bungoma mjini, nafasi aliyoingoja tangu mwaka wa kwanza, ilikuwa inaelekea kwa Jepkorir.

Hata hilo labda angelimeza. Lakini kulikuwa na Wekoye, fundi wa pampu. Wekoye alikuwa na mazoea ya kumenya muwa, kuukata vipande vidogo, na kumwekea Wangechi juu ya ukingo wa saruji, kwenye karatasi safi. Hawakuwa wamesemezana lolote la maana. Wangechi alikuwa na hakika lingesemwa siku moja. Siku moja akakuta karatasi mbili pale ukingoni. Wiki iliyofuata akakuta moja, na haikuwa yake.

"Ati umekasirika juu ya muwa?" Wekoye alimcheka. "Si ni mgeni, bana. Nilimuonea huruma. Huyo msichana halali usiku, macho yake ni mekundu kila siku."

Wangechi hakuona macho mekundu. Aliona karatasi.

Ndiyo maana jioni ile aliteremka ngazi za bwawa polepole, akajibanza nyuma ya kibanda cha pampu.

Jepkorir alikuwa amepiga magoti ukingoni. Kikapu kilikuwa bado majini. Pampu zilikuwa zikinguruma kama kawaida... kisha mngurumo ukafifia. Hazikuzimwa. Taa zake za kijani zilikuwa zinawaka. Sauti tu ndiyo iliyofifia, kama mtu amezitupia blanketi.

Kukanuka. Harufu ya nguo zilizolowekwa kwenye beseni zikasahaulika siku nne.

"Mimi ni wako," Jepkorir alinong'ona akiyatazama maji. "Ni wako peke yako."

Maji ya ukingoni yakainuka.

Hayakuwa mawimbi. Yaliinuka mahali pamoja tu, upana wa mabega ya mtu, kama kuna aliyejisogeza karibu ili asikie vizuri. Yakakaa hivyo. Jepkorir akainamisha kichwa. Nywele zake upande wa kushoto zikasogea, zikabanwa nyuma ya sikio, taratibu, na hakukuwa na mkono.

Kisha maji yakashuka. Pampu zikanguruma. Jepkorir akavuta kikapu, na samaki wote walikuwa hai.

Wangechi alitetemeka njia nzima mpaka nyumbani. Lakini tuseme ukweli, kilichomtetemesha hakikuwa hofu peke yake. Kumbe ni dawa, alijiambia. Kumbe hana ujuzi wowote wa kunishinda. Ana kitu, na mimi sina.

Kesho yake ilikuwa zamu yake. Jioni hiyohiyo, saa ileile, alipiga magoti palepale. Saruji ilikuwa na baridi. Hakujua maneno. Mwenzake alikuwa na maneno yake, yeye alikuwa na uchungu tu, basi akasema uchungu wake.

"Alicho nacho Jepkorir," alinong'ona, "nakitaka mimi. Chote. Kiwe changu."

Pampu zikafifia.

Harufu ikaja.

Maji yakainuka mbele yake, karibu kiasi kwamba aliona majani madogo yakielea mahali ambapo uso ungekuwa. Yalikaa muda mrefu. Yalikuwa kama yanamkagua, ng'ombe anavyokaguliwa sokoni Chwele.

"Umesema kwa roho yako yote?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa Jepkorir, amesimama kwenye ngazi na nguo zake za nyumbani.

Wangechi alikuwa ameshikwa, na aibu ilimtia ukali. "Ndiyo," alisema. "Yote."

Jepkorir alifunika mdomo kwa viganja viwili, akalia. Wangechi alidhani analia kwa kushindwa, na moyo wake ukafurahi. Baadaye alikumbuka kile kilio mara nyingi. Ndivyo mtu anavyolia akitoka hospitali ameambiwa hana ugonjwa.

Asubuhi Jepkorir aliandika barua ya kuacha kazi. Hakuaga mtu.

Na mambo yakamnyookea Wangechi. Kikapu cha kwanza, samaki wote hai. Cha pili, hai. Bwana Ngari aliita wakubwa waje waone. Mwezi haujaisha, barua ya usimamizi ikaja na jina lake, ila aliombwa aendelee na zamu za jioni kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza. Karatasi ya muwa ilirudi ukingoni. Jumamosi moja Wekoye alivaa shati la kupiga pasi, akamwomba waende Bungoma mjini wale chakula cha mchana pamoja. Walikula, wakacheka, na wakati wa kurudi akamshika mkono.

Jumapili asubuhi Wangechi aliamka akakuta nusu ya pili ya kitanda imelowa.

Alitazama dari. Kavu. Akagusa godoro. Maji baridi, na ile harufu. Mto wa kulalia wa upande ule, ambao haulaliwi na mtu, ulikuwa na shimo la kichwa.

Jumatatu akakuta nyayo zenye maji kutoka mlangoni mpaka kitandani. Za kutoka hazikuwepo. Jumanne alikuwa anasuka nywele mbele ya kioo, akahisi kidole baridi kikizisogeza, zikabanwa nyuma ya sikio la kushoto. Kwa upole. Upole ule ndio uliomwogopesha kuliko chochote.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Wekoye alikuwa anatoa gogo lililokwama kwenye wavu. Winchi ya kuinulia wavu ilikuwa imefungwa. Kila mtu alikagua baadaye, ilikuwa imefungwa. Wavu ulishuka wenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki majini. Ni mkono uleule aliomshikia Wangechi Jumamosi.

Walipomwinua kumpeleka hospitali, Wekoye alikuwa mweupe midomo. Alimvuta Wangechi karibu. "Kuna mtu huko chini," alimwambia sikioni. "Alinishika kwanza. Alinishika halafu akauliza kama mimi ndiye Wekoye."

Wangechi hakumtembelea wodini. Alitaka sana. Alifika hata kwenye lango la hospitali na machungwa kwenye mfuko, akasikia harufu ya beseni ikipita kando yake, akageuka akarudi.

Ndipo akamtafuta Jepkorir. Alimkuta Kitale, katika duka la mbegu na dawa za mifugo, amenenepa mashavu, anacheka na mteja kwa sauti kubwa. Alipomwona Wangechi, kicheko kiliisha. Alimwomba mwenye duka dakika tano, wakaenda kusimama nyuma, kwenye magunia ya mbolea.

"Ni nini?" Wangechi aliuliza.

"Sijui."

"Jepkorir, tafadhali."

"Kweli sijui. Niliipata Endebess, kwa mama mmoja aliyekuwa ananifundisha kufuga samaki. Samaki wake hawakuwa wanakufa. Na mimi nilikuwa namwonea wivu sana." Alitazama chini. "Haikai mtoni, dada. Inakaa na mtu. Kwa maji inakuja tu kuongea."

"Jina lake nani?"

"Usiulize jina. Itafikiri unaipenda."

"Wekoye amekatwa vidole."

Jepkorir alifumba macho. "Pole. Mimi nilikuwa na mchumba, Noah. Alizama kwenye maji ya kufika magotini. Ndiyo maana ule muwa sikuwahi kula, hata kipande kimoja. Nilikuwa naomba kila jioni, nasema mimi ni wako peke yako, huyu jamaa ni huruma tu. Inasikia wivu. Kila anayekupenda ni mwizi wake. Lakini inakufanyia mazuri... samaki, kazi. Kama bwana anayekupiga halafu anakununulia kitenge."

"Nitaitoaje?"

"Huwezi kuipatiana. Nilijaribu. Nilienda kwa wachungaji, nilifunga, nilitupa nguo zangu zote. Haiendi mpaka mtu aje mwenyewe aseme anataka ulicho nacho, na awe anakitaka kweli." Akamgusa bega, akautoa mkono haraka kama aliyekumbuka. "Sikukuita, Wangechi. Lakini nilikuona nyuma ya kibanda. Na sikukukataza. Hiyo nitajibu kwa Mungu."

Wangechi alirudi Kabuchai na jibu, na jibu lilikuwa baya kuliko kutojua. Kwa maana sasa alianza kuwatazama watu. Mfagiaji aliyeyasifu mavazi yake. Mwanafunzi wa mazoezi aliyemwuliza samaki wake wanaishije. Angeweza kuwaonyesha barua, picha, ofisi. Angeweza kuwaleta ukingoni saa ya jioni na kunyamaza, kama Jepkorir alivyonyamaza. Aliwaza hivyo akijichukia, na akaendelea kuwaza.

Mwezi wa saba, mdogo wake akapiga simu. Nyambu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, yuko nyumbani kwao huko Kwanza, karibu na Kitale, anamsaidia baba kwa mahindi, na diploma yake iko kwenye bahasha.

"Nimeshapita Chwele, niko kwa boda, nakaribia," alisema. "Baba amekutumia maharagwe. Na nataka unionyeshe hiyo bwawa yako. Wangechi, watu huku wanaongea juu yako tu. Siku hizi hata nikiosha vyombo naambiwa angalia dada yako. Wallahi natamani ningekuwa wewe."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Wangechi alikuwa ukingoni.

Pampu zikafifia.

"Nyambu, usije," alisema.

"Nimefika getini."

Maji yalikuwa yameinuka. Hayakumwelekea yeye. Yaligeukia ngazi, upande wa getini, yakatulia kama mtu anayesikiliza nyayo.

Lilikuwa jambo la dakika mbili. Nyambu angeteremka, angeona samaki wakiruka, angesema lile neno palepale akitabasamu. Na Wangechi angelala kitanda kikavu. Angepeleka machungwa kwa Wekoye. Aliiona njia yote mpaka mwisho, na kwa muda, muda ambao hakumwambia mtu hata baadaye, alisimama bila kusogea akaiacha ifunguke mbele yake.

Kisha akakimbia.

Alimkuta Nyambu keshapita geti, gunia begani. Akamshika kwa mkono wa sweta akamsukuma nje, mbele ya askari na mwenye boda.

"Nani amekuambia uje kazini kwangu?" Alihakikisha sauti yake ni kubwa. "Unanifuata kama kupe. Huna chako? Rudi kwa mahindi."

Nyambu alimtazama kama anayetafuta utani. Alipokosa, macho yakajaa. "Nilikuwa nakutetea kwa watu," alisema polepole. "Wanasema umekuwa na maringo. Kumbe ni wivu. Unaogopa nitapata kama wewe."

"Fikiria unavyotaka."

"Mimi sina dada tena."

Aliliacha gunia chini. Pikipiki iligeuka, ikashika barabara ya Chwele, vumbi likaifunika. Wangechi alisimama mpaka mlio ulipoishia kwenye miwa. Wekoye, sasa Nyambu, na baba, ambaye angesimuliwa yote usiku huohuo... alihesabu, akaona hakuna aliyebaki wa kumpigia simu.

Aliteremka kumaliza zamu. Akavuta kikapu. Mumi arobaini na mbili, ningu kumi na tisa, wote wazima. Alikuwa anaandika tarehe aliposikia harufu ikimjia kwa nyuma, bila haraka.

Kidole baridi kikazisogeza nywele zake.

Kisha, kwa mara ya kwanza, kitu kile kikamwegemea, uzito wote wa maji mgongoni, mikono miwili ikamzunguka kiunoni. Na karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, kikanong'ona:

"Asante."