Kovu Lililohama

Siku ya Jumatatu, tarehe 22 Novemba 1954, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mzee Uledi mpiga picha alifungua bahasha nyeusi mbele ya mama mmoja aliyetoka Izigo. Alikishika kioo kilichokuwamo kwa kingo zake, akakiinua kuelekea dirishani. Kupitia kioo hicho aliona soko la Bukoba, mtu anayesukuma baiskeli, na mikungu ya ndizi iliyopangwa chini. Hakuona kitu kingine. Kioo kilikuwa kitupu.

"Labda umekosea bahasha, waitu," yule mama alisema, kwa heshima ya Kihaya.

"Sikukosea. Namba hamsini na nane, ya pili. Mwandiko ni wangu." Uledi aliketi. "Ma Kokuhirwa, mwanao ameibwa."

Kokuhirwa hakulia. Aliuliza tu kama kuna mtu anayeweza kumtafuta. Mwanawe wa mwisho, Datius, alikwenda Uganda kufanya kazi mwezi wa Aprili, akafariki huko mwezi wa Agosti, akazikwa huko huko. Kibanjani kwao, kwenye migomba ya nyumbani, hapakuwa na kaburi la kupalilia. Jumamosi ukoo ungekutana kumkumbuka, na mama alitaka picha ya kutundika ukutani. Katika dunia nzima, picha ya Datius ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwenye kioo hicho.

Saa nne kasoro robo, Sajini Nathanael Kagaruki wa polisi aliegemeza baiskeli yake nje ya studio. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa kauli, aliyeandika kila alichoambiwa.

"Nieleze kama mtu asiyejua lolote," alimwambia Uledi.

"Tarehe tisa Januari nilipiga picha arusi ya karani Byabato, kule Izigo. Nilipiga mbili. Ya kwanza ilitoka vizuri. Nilichapa tatu, nikazitia kwenye fremu: moja ya bwana arusi, moja ya wazazi wa bibi arusi, moja ya mwinjilisti. Lakini Datius hayumo. Alikuwa ametumwa kuleta kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi. Katika ya pili yumo, ila nilipoondoa kifuniko cha kamera aligeuza uso kando, kama mtu aliyeitwa. Bwana arusi akasema imeharibika. Sikuichapa."

"Picha zilizoharibika huzifanya nini?"

"Huziosha kwa maji ya moto na soda. Ngozi ya picha ikitoka, hubaki kioo safi, nacho hukiweka kwenye fremu. Kisanduku hiki cha vioo vilivyoharibika kimengoja soda tangu Aprili. Imeshuka melini wiki iliyopita. Alhamisi hii ningeviosha vyote."

Kokuhirwa alimtazama. Uledi aliinamisha kichwa.

Sajini alikipitisha kioo kitupu mbele ya mwanga. Kwenye kingo zote nne palikuwa na mstari mwembamba wa gundi kavu. Aliteremsha fremu moja ukutani, akalinganisha. Mstari ulikuwa ule ule.

"Kioo hiki kimetoka kwenye fremu," alisema. "Mwizi alichukua chenye picha, akaacha hiki ili idadi isipungue. Nani huachwa peke yake humu?"

"Kila mteja. Nikishaingia chumba cha giza, hata nyumba ikiungua sifungui mlango mpaka kazi iishe. Mwanga ukiingia, kila kitu kimekufa."

"Na kioo chenye picha kinafananaje?"

Uledi alichukua kioo kingine, cha mfanyabiashara aliyevaa saa mkono wa kushoto. Kilipoelekezwa dirishani, uso ulikuwa mweupe na meno meusi, kama mzuka. Kisha alikilaza juu ya kitambaa cheusi cha kamera, upande usiong'aa ukiwa juu, akakiinamisha kidogo. Uso ukarudi kuwa mweusi, mtu akawa mtu.

"Ajabu," Sajini alisema. "Lakini saa imehamia mkono wa kulia."

"Upande wa ngozi hugeuza kila kitu. Ndiyo sababu tunachapa kwenye karatasi."

Sajini aliandika na hilo pia. Kisha akamgeukia Kokuhirwa. "Ma, nikikipata, nitamtambuaje?"

"Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Jembe lilimkata akiwa na miaka kumi, nami nilimfunga mwenyewe kwa kitambaa changu." Alikitazama kile kioo kitupu. "Sauti yake ninayo, waitu. Sura ndiyo inayonitoroka. Jana nilikaa kibanjani nikajitahidi kumwona, nikamwona baba yake."

Jumanne, saa mbili asubuhi, Sajini alikuwa Nyanga kwa Burhani, aliyekuwa msaidizi wa Uledi. Burhani aliondoka kwa ugomvi mwezi wa Februari, akafungua studio yake mwenyewe.

"Mzee amenitumia polisi?" Burhani alicheka. "Mwambie vioo ni vya enzi ya Mjerumani. Mimi natumia filamu, bwana. Naiviringisha mfukoni."

"Na hivi?" Sajini alionyesha vioo vilivyopangwa pembeni.

"Vya madirisha ya banda la kuku. Pima."

Sajini alipima. Vilikuwa vikubwa mara mbili, na havikuwa na gundi.

"Unaukumbuka ule mpigo wa pili wa picha ya arusi?"

"Naukumbuka. Mimi nilishika mwavuli wa kuzuia jua. Datius alitazama kando. Nilimwambia Mzee, kijana huyu hajaharibu picha, yeye ndiye picha. Akaniambia nishike mwavuli."

"Alimtazama nani?"

"Mwavuli ulinifunika, Bwana Sajini."

Saa tisa alasiri ya siku hiyo, Sajini alimkuta Byabato huko Maruku, kwenye ghala ambako alikuwa karani wa kahawa. Huyu alikuwa na sababu ya kuichukia kila picha ya arusi ile. Mkewe Alistidia alirudi kwa wazazi wake Izigo mwezi wa Julai.

"Fremu yako iko wapi, Ta Byabato?"

Karani alifungua sanduku la nguo, akatoa fremu isiyo na kioo. Sajini alikaza macho.

"Niliivunja kwa kiatu siku alipoondoka," Byabato alisema kwa sauti ndogo. "Kisha nikaokota vipande." Alitoa kifurushi cha gazeti. Sajini alivipanga mezani kimoja kimoja. Ilimchukua nusu saa, na hakikukosekana hata kipande cha ukubwa wa punje.

"Kwa nini umeviweka?"

"Wewe ungevitupa?"

Sajini alifungua daftari. Aliuliza habari za Datius.

"Kovu? La kushoto. Nilikuwapo jembe lilipomkata, tukilima kwa mjomba. Alikuwa mcheshi. Siku ile ya arusi nilimkasirikia kwa kugeuza uso. Sasa naona aibu."

Jumatano, saa tano asubuhi, Sajini alipita kwa mwinjilisti wa Izigo. Fremu yake ilikuwa ukutani na kioo chake, kimejaa vumbi la miezi kumi. Ikabaki moja. Saa sita alikaribishwa kwa Mzee Aroni, baba wa bibi arusi. Mzee alimpa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama ilivyo desturi, akaenda kumwita Alistidia shambani. Nyumbani alibaki binti mdogo, Jovitha, mwenye miaka ishirini na miwili, akisuka kikapu mlangoni.

Picha ya arusi ilitundikwa sebuleni. Haikuwa na kioo.

"Kilivunjika," Jovitha alisema kabla hajaulizwa.

"Lini, binti?"

"Masika yaliyopita."

"Vipande?"

"Nilivitupa."

"Ma Kokuhirwa anatafuta kioo chenye picha ya Datius. Kimeibwa kwa Mzee Uledi. Anakitaka kabla ya Jumamosi."

Vidole vya Jovitha vilisimama. Baada ya kitambo vikaendelea kusuka.

"Ulimjua Datius?"

"Alikuwa jirani."

"Ungemtambua kwa alama gani?"

"Kovu. Juu ya jicho la kulia."

"La kulia?"

"La kulia. Namwona mpaka sasa."

Sajini alishukuru, akaondoka. Barabarani alisukuma baiskeli bila kuipanda. Fremu isiyo na kioo ilimwelekeza kwa Jovitha, lakini jibu la Jovitha lilimwelekeza mbali. Mtu asiyejua kovu la jirani liko upande gani hawezi kuiba picha yake. Mama alisema kushoto. Byabato aliyeona damu alisema kushoto. Binti huyu alisema kulia, bila kusita, kwa uhakika wa mtu aliyetazama asubuhi ile ile.

Hapo Sajini alisimama katikati ya barabara. Alifungua daftari, akarudi kwenye ukurasa wa Jumatatu, akasoma habari za saa iliyohama mkono.

Alhamisi, saa kumi alasiri, alirudi kwa Mzee Aroni pamoja na Uledi na Kokuhirwa. Jovitha alikuwa amekaa kati ya baba yake na dada yake. Sajini aliishusha fremu ukutani, akakitoa kile kioo kitupu kwenye bahasha, akakiweka mahali pake. Mstari wa gundi wa kioo ulikaa sawasawa juu ya mstari wa gundi wa fremu, hata pale ambapo mkono wa Uledi ulikuwa umeteleza kwenye pembe.

"Kioo hiki hakikuvunjika masika," alisema. "Kilikwenda Bukoba."

"Hilo ni jambo la fremu tu!" Mzee Aroni alisema kwa hasira. "Binti yangu ana shida gani na vioo vya watu?"

"Ningejiuliza hivyo hivyo, Ta Aroni. Lakini nilimuuliza kovu liko upande gani. Akasema kulia. Datius mzima alikuwa nalo kushoto. Kuna mahali pamoja tu ambapo lingekuwa kulia: juu ya kioo, ukikilaza kwenye kitambaa cheusi, ngozi ya picha ikiwa juu. Binti hakusahau. Amemtazama sana, mpaka yule wa kwenye kioo akamfuta yule aliyemjua."

Jovitha alinyanyuka. Alistidia alimshika mkono. "Dada, niache," Jovitha alisema, akaingia chumbani. Aliporudi alibeba mtandio mweusi uliokunjwa mara nne. Aliufungua juu ya mkeka.

Datius alikuwa hapo, mzima, bila mkwaruzo.

"Miezi mitatu!" Kokuhirwa alisema, na sasa sauti yake ilipasuka. "Miezi mitatu natafuta sura ya mwanangu, kumbe yuko hapa, nyuma ya migomba ya jirani! Ulikuja kwangu. Ulichota maji yangu. Ulikula kwangu!"

"Nilikuja, Ma."

"Kwa nini?"

Jovitha alipiga magoti. "Mwezi wa tano nilipeleka fremu ikazwe kamba. Nilimwomba Mzee Uledi anichapie ile picha ya pili. Alicheka. Alisema imeharibika, akipata soda ataiosha."

"Nilisema hivyo?" Uledi aliuliza.

"Ulisema hivyo ukiingia chumba cha giza, ukaniacha peke yangu. Niliona moyoni maji ya moto yakimtoa Datius kwenye kioo. Nikang'oa cha fremu yangu, nikabadilisha. Sikutaka kumwibia mtu. Nilitaka asioshwe."

Uledi alitazama mikono yake mwenyewe.

"Alisema akirudi Krismasi atakuja na wazee kwa baba," Jovitha aliendelea. "Nisimwambie mtu mpaka hapo. Alipofariki, wanawake walikaa msibani kwako, Ma. Mimi sikuwa mke, sikuwa dada. Nilipika, nikachota maji, nikaambiwa, asante jirani. Nikarudi nyumbani kulia mbele ya kioo. Jana Bwana Sajini alipoondoka nilikifunga nikuletee. Nikakifungua tena. Nikakifunga tena. Mpaka kumekucha."

Kokuhirwa aliinama juu ya mtandio. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akafuata macho yake. Katika kioo kile Datius hakuwa ametazama kamera, wala maharusi. Kando yake alisimama msichana mwenye gauni jepesi, aliyekuwa ametazama mbele kwa utii kama alivyoagizwa, huku akijizuia kucheka.

"Mzee Uledi," Sajini alisema, "mlalamikaji ni wewe. Niandike nini?"

Uledi alijikohoza. "Andika kimepatikana. Na andika kwamba asingekichukua, leo Alhamisi ningekuwa nimekiosha." Alikiinua kioo kwa kingo. "Ma Kokuhirwa, nitaikuza usiku huu na kesho. Huyu binti naweza kumkata, abaki Datius peke yake. Ukoo usije ukauliza maswali."

Jovitha aliinamisha uso. Alikuwa amelitarajia hilo, na hakulipinga.

"Usimkate," Kokuhirwa alisema.

"Ma?"

"Ukimkata, mwanangu atakuwa anatazama nini?"

Jumamosi, tarehe 27, ukoo ulikutana Izigo. Picha ilitundikwa sebuleni saa nne, ndani ya fremu iliyokuwa ya Mzee Aroni, na kioo chake. Sajini Kagaruki alifika bila sare, akasimama nyuma. Alimwona Byabato mlangoni, akiongea taratibu na Alistidia, naye hakusogea karibu kusikiliza.

Jovitha alikuja na ndoo ya maji kama kawaida yake, akataka kupita kwenda jikoni. Kokuhirwa alimpokea ndoo, akaiweka chini, akamketisha kwenye mkeka wa wenye msiba, ubavuni pake. Shangazi mmoja alinong'ona kuuliza huyu ni nani.

"Mtazame kwenye picha," Kokuhirwa alijibu, "utamjua."

Jovitha aliinua macho. Kwa mara ya kwanza alimwona Datius kwenye karatasi, naye akashtuka kama aliyeonyeshwa mgeni. Kovu lilikuwa limerudi kushoto. Mkono wake ulikwenda kwenye paji la uso wake mwenyewe, kulia, ukasita.

"Nilimgeuza, Ma," alisema. "Nilikuwa naye kila siku, nikamgeuza."

Kokuhirwa aliuchukua mkono ule, akanyanyuka naye mpaka ukutani, akakiweka kidole cha binti juu ya kioo, juu ya jicho la kushoto.

"Ni hapa," alisema. "Kitambaa kilikuwa cha bluu. Alilia kidogo tu. Keti, nikusimulie."